Benson Wanjau (Mzee Ojwang): Maisha Yake na Mizani ya Kupimia Kichekesho

Utangulizi

Wahenga walitahadharisha kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Usiku mmoja mtaani Iftin, mjini Garissa, baada ya swala ya isha, tulikuwa wanafunzi kadhaa katika kibanda cha chai tukitazama kipindi cha vichekesho kwenye runinga. Kilikuwa kipindi cha vipande vifupi vifupi, kila kipande na kisa chake. Katika kimojawapo alitokea mwigizaji aliyejifunga kikoi, akazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali huku kila p akiigeuza kuwa b. Mhusika huyo hakuwa na jina, wala mke, wala nyumba. Kazi yake ilikuwa kuuza bidhaa za magendo na kuwakimbia polisi, basi. Wenzetu wawili walicheka hadi wakakohoa. Mwingine aliweka kikombe chini, akalipa chai yake, akaondoka bila kuaga.

Tuliobaki tulianza kubishana. Je, kipindi kile kilikuwa kizuri au kibaya? Waliocheka walishikilia kwamba kichekesho hupimwa kwa kicheko, na kwa kuwa wao walicheka, hakuna la kujadili. Wengine walisema kwamba kipindi kinachomwondoa mtu kitini kwa uchungu hakiwezi kuitwa kizuri. Mabishano hayo hayakufika popote, kwa sababu kila mtu alipima kwa kibaba chake.

Makala hii inajaribu kutafuta mizani ya pamoja, na inaitafuta katika maisha ya msanii mmoja ambaye alipata riziki yake kwa kuiga lafudhi isiyokuwa yake. Huyo ni marehemu Benson Wanjau Karira, aliyejulikana kote nchini Kenya kwa jina la Mzee Ojwang. Tumemchagua kwa sababu alifanya jambo lilelile lililomwondoa mwenzetu kitini, yaani kuliigiza kabila la wengine mbele ya taifa zima. Hata hivyo, matokeo yake yalikuwa tofauti kabisa. Inafaa tujiulize ni kwa nini.

Maisha yake

Benson Wanjau alizaliwa mwaka wa 1937, wakati Kenya ilipokuwa koloni la Uingereza. Alikuwa Mkikuyu kwa kabila. Alikuwa kijana wa takriban miaka 15 mnamo Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari ambayo iliwalemea zaidi Wakikuyu na majirani zao hadi mwaka wa 1960. Kizazi chake kilijua maana ya kusimamishwa njiani na kutakiwa kuonyesha kipande. Kilijua pia kwamba namna mtu anavyotamka neno inaweza kumfichua asili yake kabla hajaulizwa jina.

Wanjau alikuwa mwigizaji kabla ya taifa kumfahamu. Katika Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali lililochukua jina hilo mwaka wa 1964, alionekana katika kipindi cha Darubini. Kisha mwaka wa 1985 kukaja Vitimbi, kipindi kilichompa makao ya kudumu katika nyoyo za watazamaji. Humo alikuwa Mzee Ojwang Hatari, Mluo mwenye miwani mikubwa, sauti ya juu, ukaidi mwingi na mipango ambayo aghalabu humgeukia mwenyewe. Mkewe katika kipindi alikuwa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Mama huyu hakuwa wa kunyamazishwa, na mara nyingi ndiye aliyekuwa na akili ya nyumba.

Ni muhimu kuzingatia mazingira ya wakati huo. Hadi mwaka wa 1990, kituo cha kwanza cha runinga cha binafsi kilipoanzishwa, Kenya ilikuwa na runinga moja tu, ile ya serikali, ambayo tangu 1989 ilijulikana kama Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Mtazamaji hakuwa na pa kuhamia. Mkulima, karani, askari na waziri walitazama kichekesho kimoja, na aliyechekwa alikuwa amekaa sebule moja na anayemcheka. Mchekeshaji aliyemdhalilisha mtu hangeweza kujificha nyuma ya hadhira yake ndogo, kwa maana hakukuwa na hadhira ndogo.

Wanjau alikaa katika nafsi ya Mzee Ojwang kwa zaidi ya miongo miwili. Wakenya wengi waliamini kwamba ni Mluo kwelikweli, na wapo waliojua ukweli siku ya kutangazwa kifo chake. Hakufa tajiri. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na wananchi wakachanga fedha ili atibiwe. Waliochanga walitoka katika makabila mbalimbali. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kutokana na homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 78.

Lafudhi kama kazi ya sanaa

Kwa sisi wanafunzi wa isimu, kazi ya Wanjau ina somo la pekee. Dholuo haina sauti sh, z wala v. Kwa hiyo mzungumzaji wa Dholuo anapojifunza Kiswahili, shamba huwa samba, na viazi huelekea kuwa fiasi. Kikuyu nacho kina mitego yake, hasa utatanishi wa r na l. Mkikuyu anayetaka kusikika kama Mluo hana budi kufanya kazi maradufu. Kwanza aivue lafudhi aliyonyonya kwa mamaye, kisha avae ya jirani, na asichanganye hizo mbili hata anapokasirika au kupayuka. Kufanya hivyo kwa dakika tano ni utani wa mtaani. Kufanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20 bila watazamaji kushuku ni ushahidi wa sikio lililosikiliza kwa makini na kwa heshima.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza inapojitokeza. Mwigizaji tuliyemwona katika kibanda cha chai alijua jambo moja tu kuhusu Kiswahili cha Wasomali, kwamba Kisomali hakina p, na hivyo pesa huwa besa. Hakujua kwamba Kisomali pia hakina v wala z asilia, na kwamba kwa sababu hiyo viazi vya Msomali wa Garissa na viazi vya Mluo wa Kisumu vinaweza kuwa fiasi vilevile. Angalijua hilo angalipata kichekesho kikubwa zaidi, cha watu wawili wa pembe mbili za nchi wanaoelewana kwa kosa moja huku mwalimu wa Kiswahili akishika kichwa. Aliyeiga sauti moja alikuwa amesikia kwa mbali. Wanjau alikuwa amesikia kwa karibu.

Tofauti ya pili ni ya uhusika. Lafudhi ya Mzee Ojwang haikuwa kichekesho chenyewe. Ilikuwa nguo aliyoivaa mtu kamili, mwenye jina, mke, madeni, majivuno na hofu zake. Watazamaji walimcheka kwa sababu alikuwa mume mkaidi aliyenaswa na hila yake mwenyewe, na waume wa namna hiyo wamo katika kila kabila. Mgiriyama angemtambua, na Mmeru vilevile. Mkiondolea Mzee Ojwang lafudhi, kisa bado kinasimama. Mkimwondolea yule muuza magendo lafudhi yake, hakibaki kitu.

Mizani kutoka katika utani

Wanafalsafa wa Ulaya wameandika mengi kuhusu kicheko, tangu Aristotle hadi Henri Bergson, ambaye kitabu chake kuhusu kicheko kilichapishwa mwaka wa 1900. Hata hivyo, si lazima twende mbali hivyo. Afrika Mashariki ina desturi ya utani, ambayo ni maarufu hasa Tanzania, kwa mfano baina ya Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli mbele za watu, na kukasirika ni aibu. Lakini ruhusa hiyo ina masharti. Unayemtania naye ana haki ya kukutania. Pia mtani ana wajibu, na siku ya msiba ndiye anayefika mapema kusaidia shughuli za maziko huku akiendelea na mzaha wake. Utani ni uhusiano wa pande mbili. Mzaha usioruhusu jibu hauitwi utani, bali dhihaka.

Tukichukua desturi hiyo kuwa mizani, tunaweza kukipima kipindi chochote cha vichekesho kwa maswali manne. Je, mchekeshaji anamjua anayemwiga? Je, anayechekwa ni mtu au ni kabila? Je, anayechekwa anaweza kujibu? Na je, kicheko kinamwangukia mwenye nguvu au aliye tayari chini?

Kwa maswali mawili ya kwanza, tumekwisha kuona jinsi Wanjau anavyofaulu. Kwa swali la tatu, jibu lipo katika historia ya nchi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliwaua Wakenya zaidi ya 1,100, na Waluo na Wakikuyu walikuwa miongoni mwa waliojikuta pande zinazopingana. Mkikuyu aliyeishi ndani ya sauti ya Mluo angeweza kukataliwa na pande zote mbili. Badala yake, watazamaji walimchukua kuwa wao, na alipougua wakamchangia. Walimjibu kama mtani anavyojibiwa.

Kwa swali la nne, haki inatutaka tukiri udhaifu. Vitimbi kilitangazwa na shirika la serikali na hakikuwagusa wakubwa. Kilibaki nyumbani, sokoni na katika ugomvi wa majirani. Visa vyake vilijirudia, na mara nyingine makelele yalichukua nafasi ya ucheshi. Ilibidi taifa lisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo vijana watatu waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walipoanzisha Redykyulass na kuthubutu kumwiga Rais Daniel arap Moi alipokuwa bado madarakani. Katika swali hili la mwisho wao walimpita Mzee Ojwang. Mizani ya haki haimpi mtu alama zote kwa sababu tunampenda.

Kwa nini Garissa inahusika

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunachukua mzaha wa runinga kwa uzito kiasi hiki. Jibu ni kwamba watu wa Kaskazini Mashariki hawajawahi kuwa na anasa ya kuichukua lafudhi kuwa jambo dogo. Hali ya hatari iliyotangazwa hapa mwezi Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, haikuondolewa kisheria hadi mwaka wa 1991. Mwaka wa 1989, Vitimbi kikiwa kimekwisha kupata umaarufu, serikali iliwachuja Wasomali wa Kenya na kuwapa kadi za pekee mbali na kitambulisho cha kawaida. Na tarehe 2 Aprili 2015, miezi mitatu kabla ya Wanjau kufariki, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi waliotoka pembe zote za nchi. Baada ya msiba huo uliotuliza sote, kwa watu wengi lafudhi ya Kisomali pekee ilitosha kuzua shaka.

Katika hali hiyo, mwigizaji anayemfanya Msomali kuwa mfanya magendo asiye na jina haongezi mzaha. Anarudia kile ambacho abiria wa basi la Garissa amekwisha kuambiwa kwa macho katika kizuizi cha barabarani. Mwenzetu aliyeondoka hakukosa ucheshi. Alikuwa amekwisha kukiona kipande hicho mara nyingi, na si kwenye runinga.

Hitimisho

Makala hii haidai kwamba makabila yasiigizwe. Maisha ya Benson Wanjau yanathibitisha kinyume cha hilo. Mkikuyu alimwiga Mluo na nchi ikacheka pamoja, kwa sababu alisikiliza kabla ya kuiga, na kwa sababu alimpa mhusika wake nyumba ya kurudi. Kinachokosekana hadi leo ni Msomali wa aina hiyo katika vichekesho vyetu. Tunamtaka mzee wa Iftin mwenye miwani yake, mke anayemshinda kwa hoja, ngamia aliyemnunua kwa bei mbaya na mtoto anayemsahihisha Kiswahili.

Kazi hiyo inatuhusu sisi tunaosoma lugha hii, na hasa tunaoisomea Garissa. Chama chetu huandaa maigizo kila mwaka. Tuanzie hapo. Atakayeandika mchezo huo ausome kwanza katika kibanda cha chai, mbele ya yule aliyeondoka, na amwachie nafasi ya kujibu.