William Leishman: Daktari Aliyeuona Ugonjwa kwa Rangi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini je, maradhi yenyewe yakijificha itakuwaje? Hapo ndipo anapoingia bwana ninayetaka kukusimulia habari zake. Sisi wa Kitui na Makueni tumezoea vichuguu tangu utotoni, ila wengi hatujui kwamba kuna ugonjwa hatari unaohusiana na vichuguu hivyo, na kwamba kimelea chake kina jina la Mskoti aliyefariki mwaka wa 1926. Huyo ni William Boog Leishman.

Leishman alizaliwa tarehe 6 Novemba 1865 mjini Glasgow. Babake alikuwa profesa wa ukunga katika chuo kikuu cha huko, na mtoto akafuata nyayo. Alihitimu udaktari mwaka wa 1886, na mwaka uliofuata akajiunga na idara ya matibabu ya jeshi la Uingereza. Mwaka wa 1890 alipelekwa Bara Hindi, akakaa huko mpaka 1897. Aliporudi kwao alifanya kazi katika hospitali ya jeshi huko Netley, chini ya mtaalamu Almroth Wright.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo penye utamu. Ukichukua kipande cha nyama ya mwili ukakiweka kwenye hadubini hivi hivi, huoni kitu cha maana. Kila kitu ni cheupe cheupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Ndiyo sababu wataalamu hutia rangi. Sehemu moja ya chembe hupenda rangi hii, nyingine hupenda ile. Mnamo 1891 Mrusi mmoja, Romanowsky, alionyesha kwamba ukichanganya rangi ya buluu na rangi nyekundu iitwayo eosini, unapata zambarau ambayo hushika kiini cha kimelea cha malaria. Leishman aliichukua njia hiyo akairahisisha. Mwaka wa 1901 alitangaza mchanganyiko wake, na hadi leo madaktari wanauita rangi ya Leishman.

Mwezi wa Novemba 1900 alikufa askari mmoja aliyekuwa amepatia homa Dum Dum, karibu na Calcutta. Wengu wake ulikuwa umevimba sana. Leishman alipaka chembe za wengu huo kwenye kioo, akazitia rangi, akachungulia. Kumbe! Aliona vitu vidogo vya mviringo, vyenye upana wa elfu mbili au tatu tu za milimita. Kila kimoja kilikuwa na kiini kikubwa na kando yake kijiti kidogo kilichokolea rangi. Hakujua ni nini. Je, alikimbia kutangaza ili apate sifa? La hasha. Aliviweka vioo vyake akangoja.

Alingoja zaidi ya miaka miwili. Siku moja alipompima panya aliyekufa kwa vimelea vya jamii ya vile vinavyoleta ugonjwa wa malale, aliona maumbo yanayofanana na yale ya askari. Hapo ndipo alipoandika, mwezi wa Mei 1903, akidhani kwamba ni vimelea vya malale vilivyoharibika. Katika hilo alikosea. Lakini alichora vizuri alichokiona, na ndiyo maana mwenzake Charles Donovan, aliyekuwa Madras, aliweza kuvitambua vitu vile vile, hata kwa mgonjwa aliye hai. Mwaka huo huo Ronald Ross alikipa kimelea hicho jina la Leishmania donovani, na hivyo wote wawili wakakumbukwa. Ugonjwa wenyewe ni kala-azar. Kabla ya hapo watu wengi walidhani ni malaria sugu, wakatibiwa kwa kwinini bila nafuu.

Leishman pia alifanya kazi kubwa katika kuboresha chanjo ya homa ya matumbo, iliyookoa askari wengi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1909, na mwaka wa 1923 akawa mkuu wa matibabu wa jeshi lote. Alifariki tarehe 2 Juni 1926 bila kujua ni mdudu gani anayeeneza kala-azar. Jambo hilo lilithibitishwa Bara Hindi mwaka wa 1942: ni inzi wa mchanga, kijidudu mdogo kuliko mbu.

Huku kwetu nako mambo hayakuwa mazuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kala-azar ililipuka Kitui, hasa upande wa kaskazini. Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, nayo ilipata wagonjwa baadaye. Watu walipata homa isiyokwisha, wakakonda, matumbo yakavimba, na asiyetibiwa kwa kawaida alikufa. Watafiti kama Heisch walifuatilia nyayo za ugonjwa mpaka kwenye vichuguu, na mnamo 1962 wakamnyooshea kidole inzi wa mchanga anayeishi humo. Bila vioo vilivyotiwa rangi, nani angejua kwamba hiyo si malaria?

Si hayo tu. Mtu anaweza kupona homa, kisha baadaye akatokwa na mabaka na vipele usoni. Sudan jambo hili limeonekana kwa wagonjwa wengi sana. Jirani asiyejua humwita mkoma na kuanza kumtenga. Lakini daktari akikwangua ngozi kidogo na kuitia rangi, anaweza kujua ukweli.

Ujanja huu wa rangi umesaidia pia magonjwa mengine ya ngozi. Kuna protini iitwayo amiloidi, ambayo ikijilundika ngozini huleta vipele vigumu vya kuwasha, hasa kwenye miundi ya miguu. Mwaka wa 1883 Mjerumani mmoja alitengeneza rangi ya kutia nguo, ikaja kuitwa nyekundu ya Kongo. Mwaka wa 1922, Leishman akiwa angali hai, Bennhold aligundua kwamba rangi hiyo hushika amiloidi. Rangi ya kitambaa ikawa jicho la daktari!

Wanachama wenzangu, mimi nimejifunza kwamba Leishman hakuwa mganga wa miujiza. Alitia rangi, akatazama, akangoja, akaandika alichokiona. Kwa hivyo tukimwona mtu ana homa ya wiki nyingi au mabaka ngozini, tusikimbilie kusema amerogwa. Tumpeleke hospitalini apimwe. Kalamu naiweka chini.