Henry Head: Daktari aliyekatwa neva ili kuwaelewa wagonjwa

DAKTARI Henry Head hakuwa na jeraha wala ugonjwa wowote alipolazwa kufanyiwa upasuaji mnamo Aprili 25, 1903. Wenzake walimkata neva mbili za ngozi katika mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, kisha wakaziunganisha kwa nyuzi nyembamba za hariri.

Head, mzaliwa wa London mwaka wa 1861, alisomea Cambridge. Katika hospitali ya London Hospital alichunguza wagonjwa waliokatika neva za mikono. Majeraha yalishonwa yakapona, ila wengi wao hawakuweza kueleza barabara jinsi hisia zilivyokuwa zikiwarejea. Ndipo alipoamua kujichunguza mwenyewe.

Baada ya upasuaji, ngozi ya nyuma ya kiganja, upande wa kidole gumba, ilikufa ganzi. Hata hivyo, alipobonyezwa kwa nguvu alihisi.

Kwa zaidi ya miaka minne alisafiri mara kwa mara hadi chuo cha St John's, Cambridge, ambako rafiki yake, W.H.R. Rivers, alimpima akiwa amefumba macho. Alidungwa pini, akapapaswa kwa pamba na kuguswa kwa vitu vya moto na baridi. Maumivu ndiyo yaliyotangulia kurudi, tena yakiwa makali kupita kiasi na yasiyobainika yalikotoka. Uwezo wa kuhisi mguso mwepesi ulichelewa mno.

Wawili hao walichapisha matokeo mwaka wa 1908, wakidai kuwa ngozi ina mifumo miwili ya neva. Mwaka uliofuata, wapasuaji Wilfred Trotter na Morriston Davies, waliojikata neva zao pia, walipinga dai hilo, na hatimaye likaachwa.

Hata hivyo, somo kuhusu subira lingalipo. Siku hizi neva ya kidole hushonwa kwa msaada wa hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Neva hiyo hukua upya kwa takriban milimita moja kwa siku, na kwa watu wazima ni nadra hisia kurejea kikamilifu.

Head alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1927. Maradhi ya Parkinson yalimdhoofisha kwa miaka mingi hadi alipofariki Oktoba 8, 1940, akiwa na umri wa miaka 79.