Mtoto Apimwe Apate Kusaidiwa

Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, elimu ilitangazwa Visiwani kuwa bure, na mtoto wa mkulima na wa mvuvi wakafunguliwa milango ya skuli sawa na mtoto mwengine yeyote. Mlango unapofunguliwa kwa wote, wote huingia, mwepesi wa kufahamu na mzito pia. Huyu mzito ndiye anayetushughulisha leo, na kwa ajili yake tunaona inafaa kueleza maisha ya mtu aliyemfikiria zamani, marehemu Alfred Binet wa Ufaransa.

Binet alizaliwa mjini Nice mwaka 1857. Alisomea sheria, akaiacha. Akajaribu udaktari, nao akauacha. Elimu ya nafsi, iliyompa jina, aliisoma mwenyewe vitabuni. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi mjini Paris, katika hospitali ya Salpêtrière, chini ya daktari mashuhuri Charcot, akayatetea majaribio ambayo baadaye yalithibitishwa kuwa si sahihi. Fedheha hiyo ilimfunza kutahadhari. Aliwachunguza binti zake wawili, Madeleine na Alice, akaona kwamba mmoja ni mtulivu na mwenye kuzingatia, na wa pili mawazo yake hurukaruka. Wala hapana kati yao aliyekuwa mjinga. Alipima pia vichwa vya wanafunzi, kwani wapo wataalamu waliodai kuwa ukubwa wa kichwa ndio ukubwa wa akili. Akakuta tofauti ni ndogo mno, akaiacha njia hiyo.

Wakati huo Ufaransa ilikwisha lazimisha elimu ya msingi kwa sheria ya mwaka 1882, na madarasani wakaonekana watoto wasioweza kufuatana na wenzao. Mwaka 1904 Serikali iliunda tume, Binet akiwa mjumbe, itafute njia ya kuwatambua na kuwafundisha. Hatari ilikuwa dhahiri: mwalimu aliyechoshwa na mtoto mtundu angeweza kumwandika miongoni mwa wenye upungufu, na mtoto akapotea.

Basi mwaka 1905 Binet na Daktari Théodore Simon wakatoa kipimo chenye majaribio 30, yakianzia kwenye mepesi: kufuata kwa macho kijiti cha kiberiti kinachowaka, kutaja vitu katika picha, kukariri tarakimu, kueleza maana ya maneno. Mtoto alipimwa peke yake. Wala kipimo hicho hakikusimama pekee; daktari alitakiwa autazame mwili, na masomo ya mtoto yachunguzwe pia. Mwaka 1908 majaribio yalipangwa upya kwa kufuata umri. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909, Binet aliwapinga waliodai kuwa akili ya mtoto ni kiasi kisichoongezeka, akasisitiza mazoezi ya kuikuza. Alifariki mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 54.

Alipokwisha kufa, kazi yake iligeuzwa. Mwaka 1912 William Stern wa Ujerumani alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa miaka, ipatikane nambari moja. Na huko Marekani wakatokea waliotumia vipimo hivyo kuwapiga watu muhuri wa ujinga, hata wahamiaji waliokuwa wakishuka melini New York. Chombo kilichotengenezwa kumtafutia mtoto msaada kikawa cha kumfungia mlango.

Maisha hayo yana funzo kwetu. Mzazi asione aibu kumpeleka mtoto akachunguzwe, wala asikimbilie fimbo. Mwalimu, wa skuli na wa chuoni, kabla ya kutamka kuwa mtoto ni mvivu, aulize kama anaona ubao, kama anasikia, na kama amekosa masomo kwa maradhi. Nao maofisa wanaohusika wasiridhike na karatasi yenye nambari tu. Karatasi hiyo ieleze mtoto afundishwe vipi, na nani, na lini atatazamwa tena. Na ikiwa haielezi hayo, irudishwe kwa aliyeiandika.