Louis Braille, Mpiga Kinanda Kipofu

Katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, palikuwa na fundi wa ngozi jina lake Simon-René Braille. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matandiko na hatamu za farasi. Tarehe 4 Januari 1809 mkewe Monique alimzaa mtoto wa nne, naye akaitwa Louis. Mtoto huyo alipenda kucheza penye kazi ya baba yake. Siku moja katika mwaka 1812, akiwa na umri wa miaka 3, alitwaa chombo chenye ncha kali, akajaribu kutoboa ngozi kama alivyomwona baba akifanya. Chombo kikateleza, kikamchoma jicho. Zamani zile hapakuwa na dawa ya kuzuia usaha. Ubaya ukatoka jicho la kwanza ukaingia la pili, na kabla ya kutimiza miaka 6 Louis alikuwa kipofu kabisa.

Wazazi hawakumficha nyumbani. Jambo hili tuliangalie vema, kwa maana hata siku hizi zipo nyumba ambamo mtoto kipofu huketishwa uani ili wageni wasimwone. Padri Palluy wa parokia alimfundisha yeye mwenyewe, kisha mwalimu wa kijiji akampokea shuleni pamoja na watoto wenye macho. Hakuweza kusoma; alisikiliza tu, akashika yote moyoni. Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, akapelekwa Paris katika shule ya vipofu iliyoanzishwa na bwana Valentin Haüy.

Vitabu vya shule hiyo vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi nene, ili mwanafunzi azipapase. Vilikuwa vizito mno, tena kila herufi ilimchukua msomaji muda mrefu. Na kuandika je? Kwa herufi zile kipofu hakuweza kuandika neno kwa mkono wake. Louis alijifunza kinanda, na pia lile zeze kubwa liitwalo selo, lakini alijifunza kwa sikio, kama waimbaji wengi wa vijijini mwetu. Anayejifunza kwa sikio humtegemea mwingine: mwalimu akiondoka, na wimbo ukisahauliwa, umepotea.

Mwaka 1821 ililetwa shuleni namna ya kuandika ya Charles Barbier, aliyekuwa askari wa mizinga. Yeye alitumia nukta zilizotobolewa katika karatasi, ambazo mtu aliweza kuzisoma gizani kwa kidole. Lakini alama moja ilikuwa na nukta hata 12, nayo ilipita upana wa kidole; tena zilionyesha sauti za maneno tu, pasipo tarakimu wala nota za muziki. Louis akazitengeneza upya, usiku na wakati wa likizo, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Akapunguza nukta ziwe 6, safu mbili za tatu tatu, kama mayai sita yaliyopangwa. Kidole kimoja huzigusa zote kwa mara moja, nazo hutoa alama 63. Kazi hiyo ilipokamilika mwaka 1824 alikuwa kijana wa miaka 15.

Kitabu alichokitoa mwaka 1829 kilieleza namna ya kuandika maneno, na muziki, na nyimbo za Kanisa zilizoimbwa kwa Kilatini. Baadaye aliurekebisha sana mpango wa muziki. Katika maandishi hayo haimo ile mistari mitano ambayo wenye macho huisoma. Nukta nne za juu hutaja nota, ikiwa ni do au re au mi. Nukta mbili za chini huonyesha urefu wake. Na alama nyingine hutangulia kueleza kama sauti ni ya juu au ya chini. Mwimbaji aweza kusoma kwa kidole huku akiimba. Mpiga kinanda ana taabu zaidi, kwa sababu mikono yake ina kazi: husoma kipande kidogo, akakishika kichwani, ndipo akapiga. Louis mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs huko Paris tangu mwaka 1834, tena alikuwa mwalimu katika shule ile ile iliyomlea.

Likabaki jambo moja gumu. Wimbo ulioandikwa kwa nukta, mwenye macho hakuusoma. Mwaka 1839 Louis akatunga njia ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta, na kipofu mwenzake, Pierre Foucault, akaunda mashine ya kuziandika. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta. Mwanamuziki kipofu hubonyeza vitufe, nayo programu ya kusoma skrini humtamkia nota aliyoiandika, urefu wake na mahali pake. Kisha karatasi hutoka yenye mistari mitano, na kwaya nzima yaweza kuisoma. Programu ya MuseScore ni mojawapo ya zile zitumikazo hivyo.

Basi, walikuwapo waliomzuia. Mwaka 1840 shule ilipata mkurugenzi mpya, naye akaziweka kando zile nukta. Alifikiri kwamba vipofu wakiwa na maandishi yao peke yao watatengwa na watu. Wanafunzi wakaendelea kwa siri. Mkurugenzi msaidizi, Joseph Guadet, akamgeuza nia, na mwaka 1844, shule ilipofungua nyumba yake mpya, nukta zilionyeshwa mbele ya watu wote.

Louis alikuwa na kifua kikuu tangu miaka mingi. Alipokea Sakramenti za mwisho, akafa tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Mwaka 1854 shule yake ilizikubali nukta rasmi. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishwa kutoka Coupvray ukawekwa Panthéon, mahali pa heshima pa wakubwa wa Ufaransa. Lakini watu wa kijijini waliomba mikono yake, nayo ikabaki kwao.