Robert Koch na waliopofuka kisiwani Bugala

Sisi wakazi wa Dunda, Bagamoyo, habari za utafiti wa dawa si ngeni kwetu. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo mjini hapa, na chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, ilijaribiwa miaka mingi kabla kwa watoto wetu. Mimi ni mwalimu wa somo la dini, si daktari, lakini wazazi huniuliza wakubali kumwandikisha mtoto au wakatae. Wengine wana jibu tayari: wazungu wanatufanyia majaribio. Wapo wanaowacheka. Mimi siwacheki, kwani hofu hiyo ina historia, na ndani yake yumo Robert Koch.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Akiwa daktari wa mji mdogo alithibitisha mwaka 1876 kwamba kimeta huletwa na kijidudu chake maalumu. Machi 24, 1882 alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani hadi leo. Mwaka 1890 akatangaza na dawa yake, tuberkulini, huku akificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wapo waliokufa baada ya kudungwa.

Huku kwetu alifika zaidi ya mara moja. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria, na mwaka 1905, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel, alirudi akachunguza jinsi papasi wanavyoambukiza homa, papasi wale wale ambao bibi zetu waliwajua vyema bila darubini.

Safari ya 1906 na 1907 ndiyo inayonigusa. Malale yalikuwa yameua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria. Koch alipiga kambi Bugala, katika visiwa vya Sese, Uganda, akiwa na atoksili, dawa yenye arseniki. Hakuhitaji kupiga mbiu. Wagonjwa wa mwanzo walipopata nafuu, habari zilienea, na watu zaidi ya elfu moja wakamfuata, wengine wakitoka Kiziba, upande wa Bukoba. Hakuna aliyewaburuta. Walikuwa wanakufa.

Lakini vimelea vilirudi katika damu, na Koch akapandisha dozi kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa walishikwa na maumivu na kizunguzungu, baadhi wakatoroka kambini, na zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja. Ndipo akairudisha dozi chini. Na kule Prussia, serikali ilikuwa imeagiza tangu Desemba 1900 kwamba mtu asifanyiwe jaribio lisilo la tiba bila kuelezwa madhara na kuridhia. Atetezi wake watasema Bugala ilikuwa tiba. Sawa, lakini wale waliotoroka walikuwa wametoa jibu lao kwa miguu.

Leo mtafiti hapa nchini hupitia kwanza kamati ya maadili, humsomea mshiriki fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na mshiriki anaweza kujitoa bila kunyimwa matibabu. Mwaka 2012 vijana kutoka vyuo vya Dar es Salaam walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria hapa Bagamoyo, huku wakijua wanachodungwa. Kwa hiyo mzazi akiniuliza, humwambia aulize maswali mawili kabla ya kutia dole gumba: mwanangu atadungwa nini, na nikimwondoa kesho itakuwaje?

Koch aliondoka akiwa ameshauri wagonjwa watengwe katika makambi, na Wajerumani wakayajenga, mojawapo Kigarama, huko huko Kiziba. Alifariki Baden-Baden Mei 27, 1910. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake.