Julia Lathrop na daftari la mahakama ya watoto

Mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani ilifunguliwa mjini Chicago, Julai 1899. Kabla ya hapo, mtoto aliyekamatwa kwa wizi alisimamishwa mahakama ileile ya watu wazima na kufungiwa pamoja nao. Mtoto mchanga aliyetelekezwa aliweza kuishia kwenye nyumba ya maskini ya kaunti, akalala chumba kimoja na wazee, wagonjwa na watu wenye maradhi ya akili.

Miongoni mwa waliopigania sheria iliyoleta mabadiliko hayo ni Julia Lathrop. Wenzake walikuwa wengi, lakini yeye alikuwa na jambo lake: hakuridhika kuona mahakama imefunguliwa. Alitaka ijulikane mtoto aliyepita mbele ya jaji aliishia wapi.

Lathrop alizaliwa mwaka 1858 mjini Rockford, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyewahi kuwa mbunge, na mama yake alitetea haki ya wanawake kupiga kura. Alihitimu chuo cha Vassar mwaka 1880, kisha akafanya kazi katika ofisi ya baba yake kwa miaka kama 10. Huko alijifunza sheria na kutunza kumbukumbu.

Mwaka 1890 alihamia Chicago, akaishi Hull House, nyumba iliyoanzishwa na Jane Addams na Ellen Starr katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Miaka mitatu baadaye gavana alimteua kwenye bodi ya jimbo iliyosimamia taasisi za hisani. Lathrop hakungoja taarifa zimfuate mezani. Alifunga safari kwenda kuzikagua nyumba za maskini katika kaunti zote 102 za Illinois, na alichokiona huko ndicho kilichomfanya adai watoto watengwe na watu wazima.

Sheria ilipopita mwaka 1899, ilikuja mikono mitupu. Iliruhusu kuwapo maofisa wa kumfuatilia mtoto nyumbani kwao, lakini haikutenga hata senti moja ya mishahara yao. Lathrop na wanawake wenzake wakachangisha fedha ili kazi ianze, kwa sababu jaji asiye na mtu wa kumwendea mtoto nyumbani anaamua gizani.

Mahakama ilipotimiza miaka 10, watafiti wawili, Sophonisba Breckinridge na Edith Abbott, waliipima. Walipekua majalada na kuzifikia familia zenyewe. Kitabu chao kilitoka mwaka 1912 na utangulizi wake uliandikwa na Lathrop. Kilionyesha kwamba nyuma ya kesi nyingi kulikuwa na umaskini, vifo vya wazazi na nyumba zilizosongamana, mambo ambayo hukumu peke yake haiwezi kuyaondoa. Wapo ambao wangeficha matokeo ya namna hiyo ili kulinda jina la kazi yao. Yeye aliyasimamia.

Mwaka huohuo Rais Taft alimteua kuongoza Ofisi ya Watoto ya serikali kuu. Akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kuongoza idara ya ngazi hiyo. Swali lake la kwanza lilihusu walio wadogo kabisa: kwa nini watoto wengi wanakufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja? Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu sehemu kubwa ya nchi haikuandikisha vizazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watoto hawa walikuwa wakipotea hivyohivyo.

Alianzia Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma. Watumishi wake wanawake walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watoto wote waliozaliwa mwaka 1911, wakaandika nani alifikisha mwaka mmoja na nani hakufikisha. Ilibainika kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 134 walikufa. Kadiri mshahara wa baba ulivyokuwa mdogo, ndivyo vifo vilivyoongezeka. Hesabu za namna hiyo zilisaidia kuleta sheria ya mwaka 1921 iliyotoa fedha za serikali kwa afya ya mama na mtoto. Mwaka huo Lathrop alistaafu. Alifariki Rockford Aprili 1932.

Karibu karne moja baada ya mahakama ya Chicago, Marekani ilianza kuwa na mahakama maalumu za watoto wa chini ya miaka mitatu, Miami ikiwa miongoni mwa miji ya mwanzo. Kesi husikilizwa mara kwa mara, mzazi hupewa tiba na mafunzo, na mtoto aliye kwenye malezi ya kambo hukutanishwa naye mara nyingi zaidi.

Watafiti waliozipima waligundua kwamba watoto wake hupata makazi ya kudumu mapema kuliko wenzao. Lakini ulinganisho una mtego. Pale mzazi anapojiunga kwa hiari, wanaokubali huenda ni walewale ambao wangefaulu hata bila programu hiyo. Tena kufunga kesi haraka si ushindi kama mtoto atarudishwa kwenye kipigo. Mfanyabiashara analijua hili: mzigo kuvuka mpaka bado si faida. Lazima ijulikane ulifika vipi na uliuzwaje.

Ndiyo maana wapimaji makini huuliza zaidi: je, mtoto aliteswa tena? Alirudi kwa mama, kwa ndugu au kwa mgeni? Anakua kama wenzake? Majibu hayapatikani kwenye jalada la mahakama peke yake. Yanahitaji mtu wa kwenda kubisha hodi, kama walivyofanya wanawake wa Lathrop kule Johnstown.