Daktari Felkin na Misumari Saba

Speke na Stanley tumesoma hadi tukachoka. Mimi nimemchagua Robert William Felkin, aliyezaliwa Beeston, Uingereza, mnamo mwaka wa 1853.

Wamisionari wa CMS walimtuma kwa Kabaka Mutesa, akapitia mto Nile na kufika Buganda mwaka wa 1879. Wakati huo alikuwa hajahitimu udaktari. Mwaka huo huo, huko Kahura katika Bunyoro (si mbali sana nasi, ni ng'ambo ya Mlima Elgon), alishuhudia mama wa miaka kama ishirini akipasuliwa ili mtoto atoke.

Mama alinyweshwa pombe ya ndizi akalewa kidogo. Mpasuaji alinawa kwa pombe hiyo hiyo, akaosha na tumbo. Mishipa iliyovuja damu iliguswa kwa chuma cha moto. Mtoto alitolewa akiwa hai. Halafu mama aligeuzwa ili maji maji yamwagike, ndipo tumbo likafungwa.

Hapo ndipo penye utamu. Shangazi yangu wa Bungoma alipojifungua kwa upasuaji, muuguzi alitueleza kwamba ule mshono wa ngozi si kitu. Kuna utando mgumu chini yake, na usiposhikana vizuri mtu hupata ngiri. Basi yule fundi wa Kahura hakufunga ngozi peke yake! Alishika kingo za jeraha pamoja na utando wa ndani wa tumbo, akapitisha misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, akaikaza kwa uzi wa magome ya mti. Juu akapaka mizizi iliyotafunwa, akafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Msumari mmoja ulitolewa siku ya tatu, mitatu siku ya tano, mitatu iliyobaki siku ya sita. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona kabisa.

Mwaka wa 1884 Felkin aliwasomea habari hizo madaktari wa uzazi wa Edinburgh. Huko Ulaya, wakati huo, akina mama wengi waliopasuliwa hivyo walikuwa wakifa.

Lakini jambo moja linanikera. Felkin alihesabu misumari, akahesabu na siku, ila jina la mpasuaji hakuliandika. La mama pia hakuandika. Ati mtu anafanya kazi kama ile halafu anaitwa mpasuaji tu!

Felkin alihitimu udaktari, akaandika vitabu, na baadaye akahamia New Zealand. Alifariki huko mwaka wa 1926.